Mnaungana kupigania chakula? Mpango na uwe wenu

Msomaji, ikiwa unaishi Jamhuri, Woodley, Kilimani au Dagoretti Corner, huenda umewahi kuingia uwanja wa Jamhuri Park wakati wa maonyesho ya kila mwaka ya Chama cha Kilimo cha Kenya (ASK). Humo huonyeshwa ng'ombe wa gredi walionawiri, mahindi yaliyosimama kwa mistari kama askari wa gwaride na kabichi kubwa za kushangaza. Ng'ambo ya ua wa uwanja huo ndiko iliko Kibera.

Sasa zitazame tarakimu hizi. Watafiti waliowapima watoto wa chini ya miaka mitano huko Kibera, na ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2011, walipata kuwa watoto 47 kati ya kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi mno kwa umri wao. Lakini watoto waliokonda hadi kuhesabiwa kuwa na uzani mdogo mno kwa kimo chao hawakufika hata 3 kati ya 100. Maana yake nini? Ni kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wakila. Tumbo lilijazwa, ila mwili haukupata vya kuujenga.

Hiyo ndiyo njaa ya mjini. Haina picha ya kutisha ambayo wapiga picha huikimbilia. Mtoto anacheza, anacheka, anakwenda shule, ila akisimama kando ya mwenzake wa umri mmoja unadhani ni mdogo wake. Huugua mara kwa mara, na masomo nayo humlemea. Wataalamu wa lishe husema siku 1,000 za kwanza, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo za kuamua. Madhara yaliyoingia hapo ni vigumu kuyaondoa baadaye hata mtoto akilishwa nyama kila siku.

Kweli, hali nchini kwa jumla imeimarika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba watoto waliodumaa walikuwa asilimia 18, ikilinganishwa na asilimia 26 mwaka wa 2014. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, wastani wa taifa hauonyeshi yanayotendeka mtaa kwa mtaa.

Chakula kipo, uwezo haupo

Hakuna anayeweza kudai kwamba Nairobi haina chakula. Pita Marikiti alfajiri uone magunia ya viazi, vitunguu na karoti yakishushwa. Pita soko la Toi au la Kawangware jioni. Vyakula vimejaa tele. Tatizo ni kwamba mkazi wa mjini hula kwa pesa, na anayelipwa kwa siku hununua kwa siku: mafuta ya kadogo, sukari ya kadogo, unga wa kadogo. Ukikokotoa hesabu utakuta kwamba anayenunua kijiko kijiko hulipa zaidi kwa kilo moja kuliko yule anayesukuma kitoroli ndani ya supamaketi. Ongeza kodi ya nyumba, maji ya mtungi na makaa. Siku kibarua kikikosekana, vinavyoachwa kwanza ni maziwa, mayai na matunda. Ugali hubaki. Ndipo tunaporudi kwa yule mtoto aliyedumaa.

Utafiti mwingine uliofanywa katika mitaa ya Korogocho na Viwandani, na kuchapishwa pia mwaka wa 2011, uligundua kuwa ni familia moja tu kati ya tano iliyokuwa na hakika ya chakula. Karibu nusu ya familia zote zilikuwa katika hali ambapo watu wazima na watoto walikuwa wakikaa njaa.

Jambo la aina hii halimalizwi na mama mmoja mwenye gunia moja la sukuma wiki mlangoni pake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana wakulima wa mjini, wachuuzi wa chakula, akina mama wa vyama na vijana wamekuwa wakijiunga katika mitandao ya wanachama ili kupigania haki ya chakula. Neno 'haki' hapa si pambo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika.

Huenda wewe mwenyewe ni mwanachama wa kikundi cha namna hiyo. Basi wajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mwaka wa kwanza mikutano hujaa, watu hukosa viti. Mwaka wa pili mfadhili anakuja na fulana. Mwaka wa tatu mfadhili ameondoka, na waliobaki ni mwenyekiti, katibu na mhuri. Mara nyingi kisa si uvivu, wala si wizi, ingawa huo nao upo. Kisa ni kwamba hapakuwa na mpango, au palikuwa na mpango mzuri wenye jalada la rangi ambao wanachama hawakuuandika na hawakujua ulisema nini.

Kazi ya miaka 30

Hebu tuangalie mfano wa hapa nyumbani. Mwaka wa 1985, taasisi ya Nairobi iitwayo Mazingira Institute ilifanya uchunguzi wa familia katika miji sita: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kakamega, Isiolo na Kitui. Iligundua kwamba asilimia 29 ya familia zilikuwa zikilima chakula mumo humo mjini zilimoishi, na asilimia 17 zilikuwa zikifuga mifugo. Jijini Nairobi, familia moja kati ya tano ililima. Enzi hizo kilimo cha mjini kilihesabiwa kuwa uchafu, na askari wa kanjo walikuwa wakifyeka mahindi yaliyopandwa kando ya barabara. Sasa watetezi wa wakulima hao walikuwa na tarakimu mkononi, na mtu mwenye tarakimu hafukuzwi ofisini kwa urahisi kama mwenye malalamiko matupu.

Mwaka wa 2004 taasisi hiyo ilisaidia kuundwa kwa jukwaa lililojulikana kwa herufi za NEFSALF, lililowaleta pamoja wakulima wa Nairobi na viunga vyake, maafisa wa serikali na watu wa biashara. Wakulima hawakuachwa wawe wasikilizaji tu. Waliunda mtandao wao ndani ya jukwaa hilo, wakapewa mafunzo na maafisa wa kilimo na mifugo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka wa 2009 ikakitambua kilimo cha mijini. Katiba mpya ikaja mwaka uliofuata. Mwaka wa 2015, Bunge la Kaunti ya Nairobi likapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha jiji, na mwaka huo huo Nairobi ikawa miongoni mwa miji iliyotia saini mkataba wa Milan kuhusu sera za chakula mijini.

Hesabu mwenyewe: kutoka 1985 hadi 2015 ni miaka 30. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uchunguzi ule yumkini alikuwa tayari na watoto wake shuleni. Sisemi kwamba sheria hiyo ilimaliza njaa. Sheria isiyotengewa fedha haimpikii mtu chungu. Ninalosema ni kwamba kazi ile ilihitaji watu waliojua wanachokitaka hata katika miaka ambayo hakuna aliyekuwa akiwatazama.

Wachuuzi wa chakula nao wana kisa chao. Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanzishwa mwaka wa 1996, ulishirikiana na wachuuzi kuchora ramani za mahali wanapouza na kuonyesha palipo na mitaro michafu, taka na mifugo inayorandaranda. Ripoti ilichapishwa mwaka wa 2015. Tazama tofauti: mchuuzi ambaye daktari wa jiji alizoea kumhesabu kama chanzo cha kipindupindu akageuka kuwa shahidi, akionyesha kwamba ukosefu wa maji na vyoo ndio unaoharibu chakula chake. Na kwa kweli familia nyingi za mabanda hula kwa mchuuzi huyo. Ukipanga mambo ya chakula bila yeye umepanga ya watu wengine.

Anzeni na sahani, si na ruwaza

Mipango mingi huanza na ruwaza. Mkutano wa siku mbili hotelini hutumiwa kubishana iwapo neno liwe 'endelevu' au 'jumuishi', na mama mboga aliyefunga kibanda chake ili ahudhurie huondoka na kalamu. Shauri langu ni muanze na sahani.

Wataalamu wa lishe wana kipimo kimoja kisichohitaji mashine wala damu. Huhesabu makundi kumi ya vyakula: nafaka, ndizi za kupika na viazi, maharagwe na jamii yake, njugu na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, mboga za majani mabichi, matunda na mboga za rangi ya manjano kama papai, embe na karoti, mboga nyinginezo, na matunda mengineyo. Mwanamke wa umri wa miaka 15 hadi 49 huulizwa: tangu ulipoamka jana hadi ulipolala, ulikula nini? Katika kundi la wanawake, kadiri waliokula kutoka makundi matano au zaidi wanavyokuwa wengi, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba wanapata vitamini na madini wanayohitaji.

Chukua mfano wa mama aliyekunywa chai na mandazi asubuhi, akala githeri mchana, na usiku ugali kwa sukuma wiki. Mandazi, mahindi ya githeri na ugali, vyote ni kundi moja. Maharagwe ni la pili. Sukuma wiki ni la tatu. Nyanya na vitunguu, ikiwa vilikuwa vya kutosha na si kipande cha kuonjea tu, ni la nne. Matone ya maziwa ndani ya chai hayahesabiwi. Mama huyu ameshiba mara tatu kwa siku na bado ana makundi manne. Yai moja, au ndizi moja mbivu, ingemfikisha matano.

Hapo ndipo mpango unapozaliwa. Tuseme mtandao wenu una wanawake 300 na mmewauliza wote, mkapata kuwa 90 tu ndio waliofika makundi matano. Andikeni kwamba baada ya miaka mitatu mnataka wawe 180. Lengo kama hilo hata asiyejua kusoma ataliweka kichwani, na mwaka ukiisha atasimama mkutanini kuuliza tumefika wapi. Mkumbuke tu kwamba kipimo hiki ni cha kundi. Hakimwambii mtu mmoja kwamba yeye ni mgonjwa au mzima. Kwa watoto, waiteni wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu, ambao wanaweza kuwapima mkono kwa utepe na kuwapeleka kliniki wanaohitaji matibabu.

Baada ya kuuliza 'ulikula nini', ulizeni 'kwa nini'. Majibu huwa si yale mnayotarajia. Utadhani watu hawapiki maharagwe kwa sababu ya bei ya maharagwe, kumbe kinachowashinda ni makaa ya kuyachemsha saa tatu. Ikiwa hilo ndilo jibu, mbegu za bure hazitasaidia kitu. Litakalosaidia ni wanachama kumi kuchemsha sufuria moja kubwa, au mtandao kupatana na wale akina mama ambao tayari huuza maharagwe na githeri iliyochemshwa, ili waweke sehemu safi, wapate maji na kuwapunguzia wanachama bei. Mpango umebadilika kabisa kwa sababu ya swali moja.

Gunia la mboga na mipaka yake

Katika mikutano ya vikundi, wazo la bustani za magunia hutolewa mapema kuliko mengine yote. Nalipenda pia. Huko Kibera bustani hizo zilipata umaarufu baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipoanza kugawa miche mwaka wa 2008. Mtindo wenyewe ni rahisi: gunia hujazwa udongo na samadi, katikati husimamishwa nguzo ya kokoto ili maji yashuke vizuri, kisha miche hupandikizwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Mpangaji akifukuzwa nyumba, anaweza kuondoka na shamba lake.

Lakini mpango lazima useme kweli. Gunia hutoa mboga za majani, yaani kundi moja kati ya yale kumi, na mara nyingi ni kundi ambalo tayari watu wanalila. Halitoi yai wala maziwa. Isitoshe, linahitaji maji, na pale maji yanaponunuliwa kwa mtungi, hesabu yake yaweza kuwa hasara. Faida kubwa ni kwamba shilingi ambazo zingenunua sukuma wiki hubaki mfukoni, nazo zaweza kununua yai. Bila hilo kuelezwa wazi, shilingi hizo huishia kwingine.

Kuna pia jambo la usalama ambalo vikundi hupenda kulikwepa. Maji ya mitaro ya kinyesi hunawirisha mboga, lakini hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Udongo uliochotwa karibu na gereji, jaa la taka au mahali palipovunjwa betri za magari waweza kuwa na risasi, madini ambayo huharibu ubongo wa mtoto polepole bila dalili ya wazi, na ambayo kupika hakuyaondoi. Mtandao ukiwa na mpango, suala la udongo huwa la wote: wanachama huchanga, udongo ukapimwa katika maabara mara moja kwa niaba ya kikundi kizima, na mahali pabaya pakapigwa marufuku. Mtu mmoja hawezi kulipia hilo. Mboga, hata zile zinazoonekana safi, zioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukatwa.

Na mvua ikumbukwe. Mafuriko ya Aprili na Mei mwaka wa 2024 yaliwaua watu jijini, na baadaye serikali ikawaamuru waliokuwa kandokando ya mito waondoke, nyumba nyingi zikabomolewa. Toi nalo soko liliteketezwa wakati wa ghasia za uchaguzi, likaungua tena mwaka wa 2024. Mtandao wa chakula wa Nairobi usioandika popote utafanya nini siku ya moto, mafuriko au kubomolewa, umepanga kwa ajili ya mji mwingine.

Kukataa ni sehemu ya kupanga

Orodha ya wanachama itakuwa ndefu. Wengine watataka bustani, wengine kununua kwa jumla Marikiti na kugawana, wengine kwenda mahakamani, wengine kufuatilia chakula cha shuleni. Yote ni mema. Chagueni mawili, au matatu mkizidi sana. Mengine yaandikwe katika ukurasa wa mwisho chini ya maneno 'si sasa'.

Chakula cha shuleni, kwa mfano, chafaa kutafakariwa. Mwaka wa 2023 kaunti ilizindua Dishi na Kaunti, mpango ambao mtoto hulipa Sh5 na kupata chakula cha mchana kilichopikwa katika jiko kuu. Ni nafuu kubwa kwa mzazi. Ila mpango huo ulielekezwa kwa shule za umma, ilhali watoto wengi wa mitaa ya mabanda husomea shule ndogo za kibinafsi na za makanisa kwa kuwa za umma hazitoshi. Mtandao wenye wanachama mitaani ungeweza kuhesabu watoto hao, shule kwa shule, na kuipeleka orodha City Hall. Kazi kama hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji daftari, viatu na watu ishirini wa kuaminika.

Uvumilivu ndio mgumu. Katika mji wa Detroit huko Marekani, wakazi Weusi waliochoshwa na kununua chakula kibovu katika vituo vya petroli waliunda mwaka wa 2006 mtandao wao wa usalama wa chakula, Detroit Black Community Food Security Network. Wakaanza shamba, ambalo leo ni la ekari saba, wakasukuma jiji liunde baraza la sera ya chakula. Mwaka wa 2010 wakaanza kupanga duka la vyakula la ushirika. Duka hilo lilifunguliwa Mei 2024, likimilikiwa na wanachama wenyewe. Ni miaka 14 ya kuuza hisa, kutafuta kiwanja, kukosa fedha na kuanza upya. Hakuna mradi wa mfadhili unaodumu miaka 14. Uanachama unaweza.

Pesa za nani?

Hapa ndipo penye kiini cha haya yote. Mwanachama akitoa Sh50 kwa mwezi, watu 300 wanachanga Sh15,000, na kwa mwaka Sh180,000. Si utajiri. Ni za kutosha kukodi ukumbi, nauli za wajumbe, kupima udongo na kumlipa karani wa siku chache. Zaidi ya yote, ni pesa ambazo hakuna mtu wa nje anayeweza kuzikatiza kwa barua.

Wafadhili si maadui, na mtandao unaokataa msaada kwa kiburi huwaumiza watu wake. Lakini hebu fikiria mfadhili anapokuja na fedha za kufuga samaki, nanyi uchunguzi wenu umeonyesha kwamba shida ni makaa na mayai. Mtandao usio na mpango utafuga samaki. Wenye mpango utamwonyesha ukurasa wa pili na kumwuliza kama anaweza kusaidia hapo. Akikataa, mmepoteza fedha. Hamjapoteza miaka mitatu.

Mpango wenyewe usizidi kurasa nne, na uandikwe kwa Kiswahili. (Sijawahi kuelewa kwa nini mpango wa kupata mboga lazima uwe na kurasa themanini za Kiingereza.) Kila lengo liwe na jina la mtu, kiasi cha fedha na mwezi. Uongozi uwe na kikomo, na wanawake, ambao mara nyingi ndio wengi katika vikundi hivi, wasiishie kuwa waweka hazina tu. Wapangaji wawe na sauti sawa na wenye nyumba. Kuhusu usajili, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua kumi na katiba yake. Afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza.

Kalenda ya City Hall

Vikundi vingi hupeleka maombi kwa mwakilishi wa wadi wakati bajeti imeshapitishwa, kisha husema serikali haisikii. Kaunti hufuata tarehe zilizowekwa na sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka wa 2012. Kuna mpango mkubwa wa miaka mitano, na ule wa Nairobi ni wa 2023 hadi 2027; jambo lisilokuwamo humo ni shida kulipatia fedha, hivyo maandalizi ya ule utakaofuata ni nafasi ambayo haitarudi kwa miaka mitano mingine. Kisha kila mwaka, waraka wa kuanzisha bajeti hutolewa kufikia Agosti 30, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Fedha hupitishwa kufikia Juni 30.

Kwa hiyo anayetaka banda safi la wachuuzi, mfereji wa maji sokoni au afisa wa lishe katika kituo cha afya cha mtaani, aanze kuuliza Julai. Februari apeleke tarakimu. Mei awapeleke watu katika vikao vya umma, wakiwa wengi na wakisema jambo moja. Waraka utolewapo, uliza nakala. Ni haki ya mwananchi kuupata.

Mkutano wa kwanza wa kupanga usiwe asubuhi, kwani mama mboga amekwenda Marikiti, wala jioni, kwani ndipo wateja wake wanatoka kazini. Saa nane mchana inafaa. Chai iwepo, na mayai ya kuchemsha badala ya mandazi. Anayejua kuandika alete daftari, na kila mwanachama aje akikumbuka alichokula jana.